AC yako ni ndogo, au inaumwa? Namna ya kujua kabla hujanunua nyingine

Kuanzia Januari hadi masika yaanze, simu ninazopigiwa hapa Moshi zinafanana. "Fundi, hii AC ni ndogo, nitafutie ya elfu kumi na nane." Anayepiga ameshaamua. Ana AC ya 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) sebuleni, ni saa tisa alasiri, jasho linamtoka, na jirani amemhakikishia kwamba tatizo ni ukubwa. Kabla hatujafika kwenye bei, mimi huuliza kwanza: usiku saa nne inapozaje?

Jibu la swali hilo linaamua karibu kila kitu. AC iliyo ndogo kwa chumba hushindwa mchana jua likiwaka, kisha usiku ikapata nguvu. AC inayoumwa haipozi vizuri saa yoyote. Halafu kuna kundi la tatu ambalo nakutana nalo sana: mashine ni nzima, ukubwa unatosha, ila chumba chenyewe kinaingiza joto kuliko mashine inavyoweza kulitoa. Kununua AC kubwa ni tiba halali kwa moja tu kati ya hizo tatu, na inaniuma kuona mtu ametoa akiba yake kununua mashine mpya kisha Februari inayofuata jasho ni lilelile.

Jaribio la usiku

Chagua usiku wa kawaida wa kiangazi, usio na mvua. Saa tatu na nusu funga milango na madirisha, weka rimoti kwenye alama ya theluji, nyuzi 22, feni kasi ya juu. Hakikisha ni theluji kweli. Nimewahi kwenda hadi Mabogini nikakuta mtoto amebonyeza rimoti ikahamia alama ya feni, na hapo kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye boksi la nje, haiwaki kabisa; AC inapuliza tu hewa ya chumba.

Weka kipimajoto cha kawaida mezani, mbali na mkondo wa AC, usome saa nne na tena saa sita. Nasema mara mbili kwa sababu kuta zetu za tofali za saruji zimekunywa jua mchana kutwa na zinaendelea kulitema hadi usiku mwingi. Saa ya kwanza unapoza kuta, hewa inafuata.

Kama imeshuka hadi 22 au 23, na mchana huwa inakwama 28, mashine yako ina afya na tatizo ni wingi wa joto la mchana. Kama nje kumeshapoa na bado chumba kimeganda kwenye 26 au 27, inaumwa.

Swali la pili linasaidia kuthibitisha: mwaka jana miezi hii ilikuwaje? AC haisinyai. Ikiwa chumba hichohicho kilipoa Februari iliyopita na mwaka huu hakipoi, kuna kitu kimebadilika, ama ndani ya mashine ama ndani ya nyumba. Ukubwa wake uko palepale.

Ilikuwa inapoza, sasa haipozi

Filta kwanza, kwa sababu ni bure. Fungua mfuniko wa boksi la ndani, chomoa vyavu viwili, osha kwa maji, kausha kivulini. Kwa mitaa yetu yenye barabara za vumbi, kila wiki mbili wakati wa kiangazi si mara nyingi mno.

Kisha toka nje. Wizi umetufanya tuyafungie maboksi ya nje, na sina ugomvi na hilo. Kizimba cha nondo zenye nafasi hakimsumbui mtu. Ugomvi wangu ni na mabati na matofali. Mzee mmoja wa Majengo aliniita akitaka AC ya 18,000. Nilipomwamkia akanipeleka moja kwa moja uani kunionyesha kazi ya fundi wake: kibanda cha tofali pande tatu, mlango wa bati mbele, na ndani yake boksi la nje likihema. Hewa ya moto iliyotoka kwenye feni iligonga bati ikarudi nyuma ya koili (mirija ya kutolea joto), ikavutwa tena, ikatoka moto zaidi. Uani palikuwa na nyuzi 33. Ndani ya kibanda nilisoma 47.

Namba hizo zina maana yake. Uwezo unaoandikwa kwenye stika ya AC za kawaida hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35 na chumbani nyuzi 27. Kwa hiyo joto la Moshi, hata la Februari, mashine inalijua. Imetengenezwa kwa ajili yake. Nyuzi 47 hakuijua mtu aliyeandika ile stika. Tulitoa mlango wa bati tukaweka nondo, tukabomoa tofali za upande mmoja, tukaosha koili. Jioni ileile mzee akakaa sebuleni na mashine yake ya zamani. Angenunua ya 18,000, ingeingia kwenye kibanda kilekile. Acha nafasi ya sentimita 15 hadi 30 nyuma ya boksi, na mbele mita nzima iliyo wazi. Kibaraza chenye nguo zinazoning'inia mbele ya feni nacho kinahesabika kuwa kizuizi.

Sasa sikiliza. Kompresa ikivuma sekunde chache kisha ikakata, ikajaribu tena baada ya dakika kadhaa, ama kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza, imekufa ama umeme ni mdogo. Feni ya ndani itaendelea kupuliza kama kawaida, ndiyo maana mwenye nyumba anadhani AC inafanya kazi ila "haina nguvu". Kutofautisha ni rahisi: kapasita mbovu inasumbua saa zote, umeme mdogo unasumbua kuanzia saa moja jioni, mtaa mzima unapopika, unapopiga pasi na kuwasha taa, na saa nane usiku mashine inawaka bila tatizo. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230. Nikikuta 185 kwenye soketi, siigusi AC. Hapo ni kutoa taarifa TANESCO, na wakati ukisubiri, stabilaiza (kifaa cha kusawazisha umeme) inayolingana na mashine.

Angalia mtego uliomo: AC inayonyimwa umeme nayo hupoza usiku wa manane, kwa hiyo inafanana na AC ndogo. Tazama saa inaposhindwa. AC ndogo inashindwa na jua, kati ya saa saba na saa kumi na mbili jioni. Ya umeme mdogo inaanza kushindwa jua likishazama.

Gesi. Watu wengi wanaamini gesi ya AC inaisha kama ya jikoni, kwamba kila mwaka ni lazima ijazwe. Haiishi. Inazunguka ndani ya paipu zilezile miaka yote, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye nati za maungio nyuma ya boksi la nje. Dalili ni barafu kwenye paipu nyembamba huku paipu nene ikiwa haina ubaridi wa maana. Ukimwita fundi akaunganisha mtungi na kujaza bila kutafuta tundu kwa povu la sabuni, umenunua nafuu ya wiki chache. Na kama mashine yako inatumia gesi iitwayo R410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, njia salama ni kutoa iliyobaki, kuziba tundu, kuvuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha kujaza upya kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye stika. Barafu iliyotanda kwenye koili ya ndani ni jambo jingine kidogo: inaweza kuwa gesi, inaweza kuwa filta iliyoziba. Zima, iyeyuke, osha filta, uwashe tena kabla ya kumlipa mtu.

Vipimajoto viwili

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halibishani na mtu. Weka kipimajoto kimoja juu ya boksi la ndani, inapovutwa hewa, na kingine kwenye mdomo inapotoka baridi. Rimoti weka 16, feni ya juu, usubiri dakika 20. Rimoti ya 16 haifanyi AC ya kawaida itoe hewa ya baridi zaidi kuliko ikiwa 22. Tunaiweka hapo ili tu kompresa isizime tukiwa tunapima.

Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni afya njema. Siku za masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, tofauti hupungua kidogo kwa kuwa sehemu ya nguvu inatumika kukamua maji. Ukipata nyuzi 4 au 5, mashine inaumwa: gesi, kompresa, au koili ya nje iliyoziba. Ukipata 14 au zaidi huku upepo ni dhaifu, hewa haipiti vizuri, rudi kwenye filta na feni ya ndani. Ukipata 10, upepo mzuri, na chumba bado ni cha moto, usiruhusu mtu yeyote aguse gesi yako. Mashine imemaliza wajibu wake. Sasa tukikague chumba.

Mashine nzima, chumba kinaishinda

Nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya AC. Zilijengwa ili joto litoke lenyewe, na kwa kazi hiyo zimejengwa vizuri: matundu ya hewa juu ya kila dirisha, luva, mlango usiogusa sakafu. Ukifunga AC humo, hewa ya baridi ambayo ni nzito inashuka na kutoka chini ya mlango, na ya moto inaingia kupitia matundu ya juu kuziba pengo. Inaendelea hivyo mchana kutwa, na kompresa haipumziki.

Mama mmoja wa Pasua alikuwa na chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4 na AC ya 12,000. Ukubwa huo unatosha na kubaki, lakini mchana haikuwahi kushuka chini ya 27. Mafundi wawili walikuwa wameshajaza gesi. Mimi nilimwomba udi. Nikauwasha na kuushika karibu na tundu la kwanza juu ya dirisha. Moshi ulisukumwa ndani kama umepulizwa. Matundu yalikuwa manne, kila moja na wavu wake wa mbu, na la tano lilikuwa bafuni ambako mlango haufungwi. Chini ya mlango mkubwa moshi ulikimbilia nje. Tuliziba matundu kwa vipande vya plaiwudi na silikoni, tukabandika mpira chini ya mlango. Kesho yake saa kumi alasiri chumba kilikuwa 24. "Mwanangu," akaniambia kwenye simu, "nimetafuta blanketi."

Angalizo moja ambalo silegezi: chumba kinachotumia jiko la mkaa au la gesi hakizibwi matundu yake. Hewa ya mkaa inaua mtu kimya kimya akiwa usingizini. Hapo chagua moja, jiko au AC.

Baada ya matundu, tazama juu. Moshi iko kwenye nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wa Februari na Machi jua linakuwa karibu utosini na bati linalipokea lote. Bati linaweza kupita nyuzi 60, na chini yake kuna kenchi, hewa iliyonaswa, halafu dari jembamba la jipsamu. Saa tisa alasiri panda kwenye stuli, weka kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Ukiona dari lina uvuguvugu na ukuta hauna, unaishi chini ya jiko kubwa lisiloonekana. Pamba ya kuzuia joto inayouzwa kwa roli, ikitandikwa juu ya dari, pamoja na matundu ya kutolea hewa pembeni mwa paa, husaidia kuliko BTU elfu sita za ziada. Na tazama kile kifuniko cha kupandia darini. Fundi umeme akikiacha wazi, joto lote la juu lina mlango wa kushukia.

Kisha dirisha la magharibi. Pazia la ndani linapunguza ukali, lakini jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia nyumbani. Kinachofanya kazi ni kivuli cha nje: kibaraza, turubai, mti.

Na kuna vitu tunavyovisahau kwa kuwa tunavipenda. Friza ya barafu za biashara sebuleni inapoza kilichomo na kutema joto lake chumbani, humohumo unamolipia AC. Ukuta wa jiko uliobomolewa ili sebule ionekane kubwa umeongeza eneo, moto wa kupikia na mvuke, na AC ni ileile. Hapo mashine iliyotosha mwaka jana kweli haitoshi mwaka huu.

Tupige hesabu

Kwa Moshi mafundi wengi tunaanzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC joto linaongezeka, ukipanda kuelekea hospitali ya KCMC na Kibosho linapungua, kwa hiyo namba hiyo ni ya kuanzia tu. Kila mtu zaidi ya wawili, ongeza 600. Kila wati ya kifaa kinachowaka, zidisha kwa 3.4. Kila mita ya mraba ya kioo kitupu kinachopigwa na jua la jioni, ongeza 1,500 hivi.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5. Mita za mraba 20 ni BTU 12,000. Jumapili kuna watu sita, ongeza 2,400. Televisheni na friza, wati 250, ni 850. Madirisha mawili ya magharibi yasiyo na kivuli, jumla mita 3.6 za mraba, ni 5,400. Umefika 20,650, na mashine yako ni ya 12,000. Hata ya kumi na nane haitoshi.

Sasa hamisha friza stoo na uweke kivuli nje ya madirisha, kioo kibaki na 1,500 hivi, televisheni wati 100 ambazo ni 340. Siku ya kawaida mkiwa wawili unahitaji 13,840. Ya 12,000 itakuwa inapungukiwa kidogo kwa saa mbili tatu za jioni, na wengi wataishi nayo. Kwa wageni sita ni 16,240, na hapo ya 18,000 ni haki yako. Usihesabu namba ya stika hadi tarakimu ya mwisho: hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa asilimia 7 hivi hapa Moshi na karibu 13 Arusha, kwa hiyo feni ileile inabeba hewa pungufu kidogo.

"Kompresa haizimi kamwe"

Hii peke yake si dalili ya ugonjwa wala ya udogo. AC iliyopimwa sawasawa, siku ya joto kali kuliko zote za mwaka, inatakiwa kufanya kazi karibu muda wote bila kupumzika. Kinachoamua ni kipimajoto. Inafanya kazi bila kuzima na chumba kimetulia kwenye 25: iache. Inafanya kazi bila kuzima na joto linapanda kutoka 26 hadi 29 kati ya saa nane na saa kumi na moja, matundu yamezibwa na tofauti ya vipimajoto ni 10: hiyo ni ndogo kweli.

Kama ni inveta, kompresa haizimi kwa sababu imeumbwa kupunguza mwendo badala ya kuzima. Kwa hiyo usiisikilize, soma LUKU. AC ya 12,000 ya kawaida hula karibu yuniti moja kwa saa kompresa ikiwa kazini. Inveta ikikaribia kiwango hicho saa kumi alasiri na pia saa sita usiku, haijawahi kupata nafasi ya kupunguza mwendo, na kuna sababu ya kutafuta.

Ndugu zetu wa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, mara nyingi huniita kwa tatizo la upande wa pili. Mtu wa Njiro ameambiwa kanuni ya Dar es Salaam, akafunga 18,000 kwenye chumba cha mita za mraba 14. Inawaka dakika nne, inazima, inawaka tena, na chumba kina baridi yenye unyevunyevu kama pango. Kuwaka na kuzima huko kunaichosha kompresa, na maji ya hewani hayapati muda wa kukamuliwa.

Ikishathibitika ni ndogo

Kwa sebule ndefu au iliyoungana na jiko, napendelea mashine mbili ndogo kuliko moja kubwa. Unawasha moja siku za kawaida, ya pili wageni wakija, na baridi inafika pande zote. Kwa chumba kimoja cha mraba, badilisha, na mashine ya zamani ihamishie chumba kidogo, haina kosa.

Kabla fundi hajapandisha boksi jipya ukutani, fungueni boksi la sakiti breka mwangalie. AC nyingi za 12,000 nimezikuta zimechomekwa kwenye soketi ya kawaida inayotumika pia na pasi na birika. Ya 18,000 isiungwe hivyo. Ipewe waya wake kutoka kwenye boksi hilo, wa unene wa milimita za mraba 2.5 kama njia ni fupi au 4 kama AC iko mbali, na breka yake yenyewe ya ampia 20. Kisha washa mashine, subiri robo saa, na uguse waya ulipoingia kwenye swichi, kwa nje, juu ya plastiki. Ukiwa wa moto, zima na usiiwashe tena mpaka waya ubadilishwe.